Moyo wa Kubuni Haungojewi

Kuna jambo ambalo wengi wetu hulisema lakini wachache hulifikiri. Mara nyingi twamsikia mtu akisema, "Ningependa kutunga shairi," au, "Ningependa kutengeneza kitu cha kufaa," kisha akamalizia kwa kusema, "Lakini sina moyo." Maneno hayo yasemwa bwenini, yasemwa bwaloni, na hata darasani baada ya mwalimu kutoka. Kila mtu angoja moyo umjie, kama abiria angojaye meli gatini bila kuuliza kama meli hiyo imeondoka ilikotoka.

Katika mdahalo wa chama chetu muhula huu palitolewa hoja kwamba kubuni ni karama waliyozaliwa nayo watu wachache. Upande uliounga mkono hoja hiyo ulishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, na hata leo naamini kwamba tulikuwa na haki. Muda wa mdahalo ulikuwa mfupi, na kengele ya chakula ilipolia wasikilizaji hawakutaka hoja zaidi. Hapa gazetini hakuna kengele, basi nitayasema yaliyobaki.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Nisemapo kubuni, sina maana ya kuunda ndege au kuandika kitabu cha kurasa mia tano. Nina maana ya kulitazama jambo la kila siku, likiwa kazi, chombo, chakula, maneno au mchezo, ukajiuliza, "Je, haliwezi kufanywa vizuri zaidi, au kwa namna nyingine?" kisha ukajaribu. Mama aongezaye kiungo kipya katika mboga iliyozoeleka amebuni. Mwanafunzi achoraye ramani yake mwenyewe ya mto Malagarasi ili aikumbuke, badala ya kuinakili ya mwenzake, amebuni pia.

Pengine mtu atauliza kwa nini naandika haya sasa, wakati sisi wa Kidato cha Nne tunakabiliwa na mtihani. Naandika kwa sababu hiyo hiyo. Mtihani wa taifa hufanywa mwezi wa Novemba, matokeo hutangazwa Januari, na wale wanaochaguliwa kuingia Kidato cha Tano huanza mwezi wa Julai. Tangu siku tutakapofunga matranka yetu mpaka Julai ni yapata miezi saba. Miezi hiyo hatutakuwa na kengele, wala kiranja, wala ratiba iliyobandikwa ukutani. Tena si sote tutakaochaguliwa. Kwa miaka minne tumezoea kuambiwa sasa someni, sasa laleni, sasa fagieni. Mtu ambaye hajajifunza kuanzisha jambo kwa hiari yake mwenyewe, siku hiyo atakwenda kukaa chini ya mwembe wa Ujiji na kungoja aambiwe la kufanya, na hapana atakayemwambia. Hilo ndilo linalonitia hofu, nami naliona kuwa kubwa kuliko mtihani wa hesabu.

Basi na tuzichungue nyudhuru zetu moja moja.

Udhuru wa kwanza ni ule wa moyo wenyewe: "Nitaanza nitakapoingiwa na hamu." Hapa nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Mama yangu huuza dagaa Kibirizi. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaana na kukua, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Jambo lenyewe lilikuwa la busara, kwa kuwa ziwa lisilopumzika litatuachia wavu mtupu. Lakini kwa muuza dagaa miezi mitatu ni mirefu. Nilipofika likizo mwezi wa Juni nilimkuta mama amekaa. Jirani yetu mmoja alikuwa amemshauri watengeneze sabuni ya mawese, naye akajibu kwa maneno yale yale tuyasemayo sisi hapa: "Sina moyo huo."

Wasomaji wapenzi, moyo haukuja. Kilichokuja ni jirani mwenyewe, alfajiri moja, na dumu la mawese kichwani na kostiki soda mkononi, akasema kwamba yeye anaanza na mama akipenda amshikie mwiko. Mama alianza kwa kuona haya kumkatalia mwenzake. Sabuni ya kwanza ilitoka laini, yenye mafuta mafuta, kwa sababu kostiki ilikuwa kidogo kuliko mawese. Hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu. Mama aliyekuwa hana moyo alikasirika. Alitaka kujua kwa nini imekuwa laini. Akaazima mizani, akapima, akauliza, akakoroga tena. Ya pili ikawa ngumu lakini ikapasuka. Ya tatu ikawa sabuni. Kisha akabuni jambo ambalo jirani hakulifikiri: badala ya kukata miche mirefu, alikata vipande vidogo vya bei ndogo, kwa ajili ya watu ambao fedha zao nao zilikuwa zimefungwa pamoja na ziwa. Vipande hivyo vilinunuliwa kuliko miche.

Ziwa lilipofunguliwa mwezi wa Agosti alirudi Kibirizi kwenye dagaa zake, maana ndiyo kazi aijuayo. Lakini wasomaji wa pwani wajua kwamba wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, na mitumbwi hupumzika. Siku hizo za mwezi mpevu, ambazo zamani zilikuwa za kukaa bure, sasa ni siku za sabuni. Hakuna aliyemfundisha hesabu hiyo. Aliiona mwenyewe baada ya mikono kuwa kazini.

Kwa hiyo naona kwamba tumelipanga jambo hili kinyume. Twadhani hamu huja kwanza na kazi hufuata. Ukweli ni kwamba mara nyingi mkono hutangulia, kisha macho huona kasoro, kasoro huleta hasira kidogo au udadisi, na huo udadisi ndio tunaouita moyo. Aketiye akingoja moyo ni kama mvuvi angojaye samaki bila kutupa wavu.

Udhuru wa pili ni wa vifaa. "Wenzetu wa mjini wana maabara na kompyuta, sisi tuna nini?" Sikatai kwamba vifaa husaidia. Shule yenye maabara nzuri hufundisha Kemia vizuri zaidi kuliko shule yenye ubao peke yake, na ni haki yetu kuviomba. Lakini tusifanye ukosefu wa vifaa kuwa mto wa kulalia. Sote twajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Dokta Livingstone pale Ujiji, na kila mgeni aendaye Ujiji huonyeshwa mahali hapo. Wachache wajua mambo yaliyompata Livingstone miezi michache kabla yake. Alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika nchi ya Kongo ya leo, naye ameishiwa karatasi na wino. Alichukua gazeti la zamani la Kiingereza, akaandika juu ya maandishi yaliyokwisha kupigwa chapa, akikatiza mistari yake kuvuka mistari ya gazeti. Wino aliufanya kwa mbegu za mmea wa huko. Kwa wino huo ndio alivyoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo wafanya biashara ya watumwa waliwapiga risasi watu waliokuwa sokoni Nyangwe, wengi wao wakiwa wanawake.

Habari hizo Stanley alizichukua mpaka Ulaya, zikaongeza hasira ya watu juu ya biashara ya utumwa, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Sisemi kwamba wino wa mbegu ndio uliolifunga. Yalikuwako mambo mengi. Lakini ni dhahiri kwamba kama mwandishi yule angesema, "Nitaandika nitakapopata daftari," ushuhuda ule usingalikuwako. Nao wino ulififia hata maandishi yakawa karibu hayasomeki, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipofaulu kuyasoma kwa kuyapiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Hapo kuna ubunifu mara mbili: wa kuandika pasipo wino, na wa kusoma pasipoonekana kitu.

Tena, tusiende mbali. Tazameni ziwa letu usiku usio na mwezi. Babu zetu walivutia dagaa kwa moto wa kuni na mienge. Baadaye wakaja kutumia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wana taa za betri, nyingine zikichajiwa kwa jua. Waliunganisha mitumbwi miwili kwa miti ili wavu uweze kushushwa katikati na kuinuliwa. Na dagaa walizokuwa wakianika mchangani, zikajaa mchanga na kuoza mvua ikinyesha, sasa wengi huanika juu ya vichanja vya miti na wavu. Huko Burundi, katika ufuko wa ziwa hili hili, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kueneza vichanja hivyo. Kichanja ni kitu gani? Ni meza ya miti. Hakihitaji maabara. Kilihitaji mtu mmoja achoke kutafuna mchanga.

Udhuru wa tatu ni wa wakati. "Sina nafasi." Kweli, ratiba yetu imejaa tangu mchakamchaka wa alfajiri mpaka prepo ya usiku. Lakini hebu tumkumbuke Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1963, nchi yetu ikiwa na miaka miwili tu tangu kupata uhuru, naye akiwa Rais mwenye mzigo wote wa taifa changa, ilitoka tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, ikatoka tafsiri yake ya mchezo mwingine, Mabepari wa Venisi. Hakuna katika shule hii, wala mkuu wa shule mwenyewe, mwenye shughuli nyingi kuliko alizokuwa nazo mtu yule. Sidhani kwamba wakati ulimzidi. Nadhani alikuwa na mahali padogo pa kudumu katika siku yake ambapo kazi ile ilikaa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba chenyewe kiwepo.

Udhuru wa nne ni huu: "Kila kitu kimekwisha kubuniwa, nitakalofanya litakuwa kuiga tu." Kwa udhuru huu nitawapeleka Gombe, kaskazini ya mji wetu wa Kigoma. Julai 1960 alifika huko msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, Jane Goodall, ambaye alikuwa hajasoma chuo kikuu. Katika mwaka huo huo alimwona sokwe mmoja akitia ujani katika tundu la kichuguu, akautoa ukiwa umejaa mchwa, akawala. Aliona pia sokwe wakichuma kijiti na kukipukuchua majani ili kifae kwa kazi hiyo. Mpaka siku zile wataalamu wengi walishikilia kwamba ni binadamu peke yake atengenezaye vyombo. Habari hiyo kutoka msitu wetu iliwalazimisha wafikiri upya. Bibi Goodall alifariki dunia mwezi wa Oktoba 2025, naye alikuwa na umri wa miaka 91.

Lakini jambo ninalotaka mlishike ni jinsi watoto wa sokwe wanavyopata ustadi huo. Hukaa miaka karibu na mama zao, wakitazama, wakichukua vijiti vilivyoachwa, wakijaribu na kukosa. Kijiti huwa kifupi mno, au kinene mno, au kinavunjika. Wanaiga, na kwa kuiga wanajifunza. Basi kuiga si adui wa kubuni. Mtunzi wa shairi huanza kwa kufuata vina na mizani alivyovikuta, mistari minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja. Watu wa kawaida, makarani, walimu na wakulima, walipeleka mashairi yao katika gazeti la Mambo Leo lililoanzishwa mwaka 1923, na wote walifuata kanuni zile zile walizorithi. Hata hivyo sauti zao hazikuwa moja. Aibu si kuiga. Aibu ni kuiga miaka minne bila kuongeza hata chembe moja yako.

Udhuru wa tano hausemwi wazi, lakini nadhani ndio mkubwa kuliko yote: twaogopa kuchekwa. Niliporudi shuleni na sabuni ya mama, bila jina wala karatasi ya rangi, wenzangu bwenini waliiita "tofali." Walicheka wiki nzima. Wiki ya tatu, sabuni zao za dukani zilipokwisha, tofali lilianza kuazimwa. Sisemi haya kwa kulipiza. Waliocheka ni rafiki zangu, na wawili wao watalisoma gazeti hili. Nasema kwa sababu naona kwamba kicheko chetu kina gharama tusiyoijua. Mvulana wa Kidato cha Kwanza akisoma shairi lake mbele ya bweni akachekwa, pengine hatasoma la pili maisha yake yote. Tumemfunga ziwa lake, wala hatukumwekea tarehe ya kulifungua.

Sasa yanipasa niwatendee haki waliotushinda katika mdahalo, maana walisema maneno mawili yenye uzito. La kwanza, walisema kwamba shida haimfundishi kila mtu, wengine huwavunja. Hilo ni kweli. Watu husema kwamba shida ni mwalimu, lakini mtu mwenye njaa kali hafikirii kichanja, hufikiria chakula cha leo. Mama yangu asingalikoroga sabuni kama jirani asingalimkopesha mawese. Ndiyo maana nasema kwamba moyo wa kubuni ni jambo la kusaidiana. La pili, walisema kwamba akili ya kubuni yaweza kutumika vibaya. Hilo nalo ni kweli kabisa. Kuna wavuvi wanaobuni namna ya kuficha nyavu haramu zinazozoa samaki wachanga. Na hapa shuleni, ni nani asiyejua werevu unaotumika kukwepa mchakamchaka? Nimemwona mtu aliyesema kwa kiapo kwamba hana kipaji chochote, akapanga mito na mashuka kitandani kwa ustadi hata kiranja akadhani kwamba kuna mgonjwa amelala, tena mgonjwa mwenye magoti.

Lakini tazameni: maneno hayo ya pili yanaibomoa hoja yao wenyewe. Ikiwa kubuni ni karama ya wachache, mbona bweni zima lina akili ya kukwepa? Akili hiyo twayo sote. Inaamka upesi panapo jambo linalotugusa, hulala panapo jambo ambalo tumeambiwa tulifanye tu. Kazi iliyobaki ni kuielekeza kwenye mambo yafaayo, na hilo ni jambo la mazoea na la uchaguzi, wala halihusiani na nyota aliyozaliwa nayo mtu.

Kusema bila kutenda ni mchezo wa wanasiasa wabaya, kwa hiyo nitatoa mashauri yangu, nayo ni manne.

Shauri la kwanza, kila mmoja wetu awe na daftari dogo la kero. Kila jioni aandike jambo moja lililomuudhi siku ile: ndoo isiyo na mpini, foleni ya bombani, somo la Jiografia lisiloshikika. Asiandike malalamiko marefu, mstari mmoja unatosha. Baada ya wiki mbili achague kero moja tu aijaribie dawa. Atakayefanya hivi hatauliza tena, "Nibuni nini?"

Shauri la pili, tujiwekee mipaka. Mtu akiambiwa, "Tunga chochote," hukaa akitazama dari. Akiambiwa, "Tunga beti mbili juu ya karabai, kabla ya kengele ya kulala," atatunga. Udogo wa kazi ndio mlango wa kuingilia.

Shauri la tatu, tutafute mwenzi. Jirani aliyekuja na dumu alifajiri alifanya kazi ambayo mawaidha hayangeifanya. Wawili wawili tuahidiane kuonyeshana kazi kila Jumamosi, ikiwa nzuri au mbaya. Na atakayeonyeshwa aulize swali moja kabla ya kucheka. Baada ya swali, acheke akipenda.

Shauri la nne ni la shule nzima. Naomba kwa heshima walimu wetu watupe saa moja ya Jumamosi, baada ya usafi, iwe saa ya kujaribu: kuchonga, kushona, kutunga, kutengeneza vilivyovunjika. Isitolewe alama wala zawadi, maana kikipewa alama tutakikariri kama tunavyokariri mengine. Na Mhariri wetu namwomba aache ukurasa mmoja wa gazeti hili kwa kazi za Kidato cha Kwanza na cha Pili peke yao, hata zikiwa na makosa.

Najua kwamba mtu wa Kidato cha Nne aombaye saa ya Jumamosi aomba kitu ambacho hatakitumia sana. Sisi tunaondoka. Lakini yafaa tukumbuke habari za meli yetu, Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku elfu tano, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipokuwa wanashindwa katika vita, waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini mafundi walioamriwa kuizamisha walizipaka kwanza mashine zake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, baada ya miaka minane chini ya maji, mashine zilikutwa bado zafaa, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba, ikawabeba babu na bibi zetu kwa miaka mingi.

Mafundi wale hawakuambiwa kwamba watairudia meli yao. Walikuwa na muda mfupi, amri ya kusikitisha na ndoo za grisi. Wangeweza kusema, "Inazama, kuna haja gani?" Walifanya jambo moja dogo la akili kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Na sisi tulio karibu kufunga matranka tuna muhula mmoja uliobaki. Kichanja cha kuanikia nguo nyuma ya bweni kinaweza kujengwa kwa Jumamosi mbili. Mpini wa ndoo unaweza kutengenezwa kwa waya usiku wa leo. Ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza watavikuta, nao hawatajua majina yetu, wala haidhuru.

Ambaye hatakubaliana nami namkaribisha anijibu katika gazeti la muhula ujao, kwa hoja na kwa adabu. Hata hilo jibu litakuwa jambo alilolibuni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne